Kupaka, Kutia, Kukoza: Safari ya Rangi kutoka Pwani hadi Mbulu na Hanang

Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha kuongeza rangi. Ukuta hupakwa rangi. Ukindu wa mkeka hutiwa rangi. Hina hupakwa usiku, na asubuhi bibi harusi hutazamwa viganja kama imekoza au haikukoza. Sisi watu wa pwani twavitumia vitenzi hivi kila siku wala hatukosei, na pengine ndiyo sababu hatujiulizi vinatofautiana vipi. Mimi nimekulia katika nyumba ya msukaji mikeka. Nimeiona sufuria ya rangi ikichemka jikoni kabla sijajua kusoma, na bado swali hilo halikunijia. Lilinijia mbali na bahari, katika Wilaya ya Mbulu, siku mzee mmoja wa Kiiraqw alipomaliza kusikiliza tafsiri niliyoifanya ya maneno yake, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, umeyapaka rangi. Maneno yangu hayakuwa uchi."

Hayo yalitokea mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati Mbulu na Hanang zilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002. Sikuwa na la kumjibu mzee siku ile. Makala haya ni jibu langu lililochelewa, na ili nilifikishe yanipasa kwanza kurudi pwani, kwenye neno lenyewe.

Rangi ni neno la Kiajemi, *rang*, na Wahindi nao wanalo, Wagujarati kadhalika. Ndiyo maana si rahisi kusema lilishukia bandari gani, mkononi mwa nani; lilikuja na pepo za kaskazi pamoja na nguo na vyombo vya udongo. Kabla yake, na hata baada yake, Kiswahili kilikuwa na rangi tatu tu zinazochukua viambishi vya ngeli kama sifa nyingine: -eupe, -eusi na -ekundu. Twasema nguo nyeupe, kitambaa cheusi, maua mekundu. Zilizobaki zote tumeziazima kwa vitu: kijani kwa jani, kijivu kwa jivu, kahawia kwa kahawa, manjano kwa bizari, zambarau kwa tunda lake, samawati kwa mbingu za Waarabu. Mwenye kusema "nguo ya rangi ya zambarau" hasemi nguo ikoje. Asema inafanana na nini.

Lakini angalia jambo hili. Jina tumelipokea kutoka ng'ambo, ilhali vitenzi ni vyetu. Paka, tia, chovya, kolea, koza: vyote ni vya Kibantu. Neno rangi liliposhuka jahazini liliwakuta watu ambao tayari wanajua njia nyingi za kukipa kitu rangi, na kila njia ina kitenzi chake. Hekima yetu ya rangi imo katika vitenzi hivyo.

Kupaka ni kuweka juu. Kinachopakwa hukaa usoni mwa kitu na chaweza kubanduka. Kwa hiyo lugha ilipotafuta namna ya kuutaja uongo wa nje ilikiendea kitenzi hiki. Anayesingiziwa amepakwa matope. Anayeghilibiwa kwa maneno laini amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Katika misemo yote miwili mtu aliye chini ya kilichopakwa ni yule yule. Aliyebadilika ni yeye machoni pa watazamaji.

Kutia ni kuingiza ndani. Ukindu uliotiwa rangi ukikatwa katikati utaikuta rangi hata ndani, na huwezi tena kuirudisha nyeupe yake ya kwanza. Nguo hutiwa nili, chai hutiwa sukari, mchuzi hutiwa chumvi. Na hapa pia lugha imechukua mfano: mwenye kukuza habari twasema ametia chumvi. Hatusemi amepaka chumvi, kwa kuwa habari iliyotiwa chumvi imebadilika chungu kizima. Huwezi kuiteka iliyo safi ukaiacha iliyozidi.

Kukoza ni jambo la tatu, nalo ndilo lililonichukua miaka kulielewa. Twasema nyekundu iliyokoza, buluu iliyokoza. Kitenzi hiki ni ndugu wa kolea na koleza. Chumvi hukolea, moto hukolezwa, mapenzi humkolea mtu hata asilale. Mwalimu akitaka wanafunzi walione neno, hulikoleza wino. Katika mifano yote hiyo hakuna kigeni kinacholetwa. Moto unaokolezwa ni moto uliokuwapo, na neno lililokolezwa wino ni lile lile, herufi kwa herufi. Kukoza ni kukifanya kitu kiwe kile kilicho, kwa ukamilifu zaidi.

Liko na neno la nne, ambalo si kitenzi. Leo hudhurungi kwa watu wengi ni kahawia tu. Hapo kale lilikuwa jina la nguo ya pamba yenye rangi ya udongo mkavu, iliyotoka Maskati. Ndani yake mmejificha maneno mawili ya Kiajemi: *khud*, yaani yenyewe, na *rang*. Hudhurungi ni kitu chenye rangi yake chenyewe, kisichotiwa wala kupakwa. Tumelitamka jina hilo vizazi kwa vizazi bila kujua kwamba twasema: hapa haikuongezwa rangi yoyote.

Wasomaji wa visiwani wanajua kuwa kuongeza rangi au kutoiongeza hakukuwa jambo dogo katika historia yetu. Baada ya Sayyid Said kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, soko la Unguja lilijaa shuka nene za pamba zisizopaushwa wala kutiwa rangi, nyingi kutoka pande za Salem na Massachusetts. Tuliziita merikani. Kutoka India zikaja kaniki, nguo zilizotiwa nili hata zikawa karibu na nyeusi. Merikani na kaniki ndizo zilizovaliwa na watumwa. Sheria ya mwaka 1897 ilipoondoa utumwa Unguja na Pemba, wanawake walioachwa huru waliziacha kaniki na kushika kanga, nguo ya rangi na mapambo, na baadaye ya maandishi. Mwanahistoria Laura Fair ameyaeleza haya kwa kirefu katika kitabu chake *Pastimes and Politics* cha mwaka 2001. Kwa wanawake wale rangi ilikuwa hati ya uhuru wao, iliyosomwa na kila aliyewaona wakipita njiani. Basi mtu wa visiwani akikua na kumbukumbu hiyo, huamini kwamba kuongeza rangi daima ni wema. Mimi niliamini hivyo, na kwa imani hiyo nilipanda basi kwenda Mbulu.

Wairaqw ni watu wa lugha ya Kikushi, tofauti kabisa na lugha za Kibantu. Mahali wanapopahesabu kuwa chimbuko lao ni Irqwa Da'aw, nchi ya migongo ya milima karibu na Kainam, juu ya Bonde la Ufa. Huko niliikuta historia ya rangi iliyo kinyume na yetu. Nyumba ya zamani ya Kiiraqw haikusimama juu ya ardhi; ilichimbwa ndani ya mteremko. Paa lake lilikuwa bapa, limefunikwa udongo, majani yakaota juu yake. Ng'ombe walilala ndani pamoja na watu. Mgeni aliyeteremka kutoka juu aliweza kukanyaga paa asijue kuwa chini ya nyayo zake kuna watoto wamelala. Henry Fosbrooke, mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliziandika nyumba hizi katika jarida la *Tanganyika Notes and Records* miaka ya 1950, akazihesabu kuwa ni silaha ya kujikinga na wavamizi wa Kimaasai waliokuja kuchukua ng'ombe.

Hebu fikiri nyumba ile ingepakwa chokaa kama nyumba zetu za mawe. Ingeonekana toka ng'ambo ya bonde, na siku ile ile ingekuwa imewaita maadui. Kwa Wairaqw wa wakati ule nyumba yenye rangi ya ardhi yake, nyumba ya hudhurungi kwa maana ya asili ya neno, ilikuwa ulinzi wa mali na uhai. Uvamizi ulipokoma mwanzoni mwa karne ya 20, watu walitoka Irqwa Da'aw wakaenea, kaskazini hadi Karatu na kusini hadi kwenye miteremko ya kuelekea Hanang. Nyumba nazo zikatoka ardhini pole pole. Leo mabati yanametameta huko kote, na hakuna anayeyaogopa.

Asije mtu akadhani kuwa watu hawa hawakupenda rangi. Walijua tu pa kuiweka. Zamani wasichana wa Kiiraqw walipitia unyago ulioitwa marmo, wakakaa ndani kwa miezi mingi, na katika kukaa huko kila mmoja alishona sketi yake ya ngozi na kuipamba kwa shanga. Shanga zile za kioo zilitoka kwetu pwani; misafara ya biashara ilikuwa ikipita Kondoa Irangi, kusini mwa Hanang, na kutoka huko bidhaa zilipanda milimani kwa mkono hata mkono. Nyekundu, nyeupe, buluu, zilipangwa juu ya ngozi mstari kwa mstari, kwa sindano na kwa subira. Marmo ilipigwa marufuku katika enzi ya Waingereza, karibu na mwaka 1930. Sketi zilizosalia, nyingi zimo katika makumbusho za ng'ambo, nyuma ya vioo. Nyumba ilifichwa, na msichana aliyetoka ndani alionyeshwa. Watu wale wale, shanga za mbali na udongo wa nyumbani, kila kimoja kwa wakati wake.

Nikateremka Hanang. Mlima wa Hanang una urefu wa mita zaidi ya 3,400, na chini yake, kuelekea Basotu na Balangida, ndiko kwenye nchi ya Wadatoga, hasa wale wa tawi la Barabaig. Hawa ni wafugaji wa asili ya Kiniloti, na kama wafugaji wenzao wengi, rangi wanayoijua kwa undani ni ya ngozi ya ng'ombe. Mwanamke wa Kibarabaig aliyeolewa huvaa sketi ya ngozi iliyochanwa mikanda myembamba. George Klima, aliyeishi nao na kuandika kitabu juu yao mwaka 1970, ameeleza kuwa sketi hiyo ina heshima kubwa na utakatifu wake. Si pambo la kuvaa na kuvua kwa matakwa.

Mama mmoja karibu na Katesh aliniruhusu niitazame ngozi aliyokuwa akiitunza. Alikuwa akiipaka samli, akiisugua kwa kiganja, akiipaka tena. Ngozi ilikuwa na wekundu wa udongo wa nchi ile, na kila samli ilipoingia wekundu ule ulizidi kuwa mzito. Nilimuuliza kupitia mkalimani wangu: "Mama, hii ni rangi gani unayoitia?" Mkalimani alicheka kabla hata ya kuuliza. Jibu likarudi: hakuna rangi, ni ng'ombe mwenyewe.

Hapo ndipo neno la mama yangu la jikoni liliponirudia. Alikuwa akichungulia sufuria na kusema, "Bado haijakoza." Ngozi ile ilikuwa inakoza. Mafuta yalikuwa yanapakwa kwa nje, ni kweli, lakini hayakuja na rangi yao. Yalikuwa yanaamsha rangi iliyomo.

Katika safari hiyo hiyo nilijifunza kuwa majina nayo hupakwa. Sisi twawaita Wairaqw Wambulu, kwa jina la mji, na wao wenyewe hawajiiti hivyo. Wadatoga tumewaita Wamang'ati, hata uwanda mmoja huko waitwa Uwanda wa Mang'ati, na serikali za zamani zimeliandika jina hilo katika karatasi zao. Neno hilo ni la Kimaasai, na maana yake ni maadui. Jamii nzima imetembea karne na zaidi ikiwa imepakwa jina alilolitoa mtu aliyepigana nayo, na sisi wa Kiswahili tumelisambaza bila kulinusa. Kwa mwandishi hili si jambo dogo. Ukimtaja mtu kwa jina la adui yake, hata ukimsifu vipi katika sentensi inayofuata, umekwisha kumpaka.

Sasa nirudi kwa yule mzee. Wairaqw wana utanzu wa maneno ya heshima uitwao slufay. Ni dua na ni ushairi. Mzee husema, na waliokaa huitikia. Bila waitikiaji slufay haikamiliki. Humo huombwa mvua, watoto, mifugo, amani kati ya majirani, na hutajwa Looaa, aliye mwema na wa kike, mwenye jua. Wataalamu wameushughulikia utanzu huu: W. D. Kamera wa Tanzania ameuandikia, na Maarten Mous, ambaye alitoa sarufi ya Kiiraqw mwaka 1993, ameandika juu yake pamoja na Rose Marie Beck. Mimi sikuwa mtaalamu. Nilikuwa mshairi wa kujisomea mwenyewe, nimefundishwa vina na mizani na wazee wa mtaani kwetu, na mwalimu mmoja wa Kiiraqw alinifasiria mstari kwa mstari.

Nilichokifanya sasa naweza kukitaja kwa jina lake. Mzee alisema maziwa. Nikaandika maziwa ya lulu. Alisema jua; nikaandika dhahabu ya mbingu. Alirudia wazo moja mara mbili, mara ya pili kwa neno jingine lililo karibu, na hivyo ndivyo slufay inavyokwenda. Mimi niliona ni udhaifu, nikaufuta mstari wa pili ili nipate nafasi ya kina. Nikayafunga yote katika mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, safi kabisa. Nilipomsomea, niliona uso wake umetulia mno. Baada ya lile neno lake la kwanza aliongeza jingine: "Maziwa ni meupe. Hiyo lulu sijaiona, na ng'ombe wangu hawajaiona."

Nilimwambia, "Baba, kwetu pwani ndivyo tunavyolipa neno heshima." Akaniuliza: "Na kabla hujalipa, halikuwa nayo?"

Kwa miaka mingi nililichukua swali hilo kuwa ugomvi wa ladha: yeye wa bara apenda maneno makavu, mimi wa pwani napenda maneno yenye nakshi. Sivyo. Sisi wa pwani tuna neno lake tangu zamani, ila tunalitumia kwa hina na mikeka wala hatulitumii kwa tafsiri. Alitaka nikoze, nikapaka. Na pale nilipoufuta mstari wa marudio nilifanya baya zaidi ya kupaka, kwa kuwa marudio yale ndiyo samli ya slufay: kila linaporudi, neno huzidi kukolea. Nililiondoa lililokoza, nikaweka lulu mahali pake.

Wala sisemi kuwa rangi ya kuongeza ni haramu. Bibi zetu waliozitupa kaniki mwaka 1897 walihitaji rangi mpya, na ni wao waliojichagulia. Nyumba za Irqwa Da'aw hazikuihitaji, na waliochagua ni wenyewe waliolala ndani. Msichana wa marmo aliishona shanga moja moja juu ya sketi yake mwenyewe. Kosa langu lilikuwa kwamba nilimchagulia mtu rangi, nikamvika mbele ya watu, kisha nikangoja shukrani.

Nilianza upya. Niliondoa lulu, nikaondoa dhahabu. Niliirudisha mistari ya marudio, kila mmoja mahali pake. Vina nikaviacha vije pale tu vinapokuja vyenyewe, na mizani nikaifuata pumzi ya msemaji, maana slufay hukatwa na pumzi na mwitikio. Palikuwa na neno moja la Kiiraqw ambalo nililitafutia Kiswahili chake kwa miezi. Mwisho nikaandika "udongo", neno la kila siku, na likatosha.

Niliporudi Mbulu na karatasi zangu, mzee alikuwa amekwisha kufariki. Nilizisoma kwa jamaa zake, nje ya nyumba ya mabati, jioni, watu wazima wapatao kumi na watoto kadhaa. Nilisoma kwa Kiswahili, na niliogopa. Nilipofika mwisho wa ombi la kwanza nilinyamaza ili nivute pumzi, na hapo wote waliokaa, bila kuambiwa na mtu, wakaitikia.